Harufu ya Embe katika Maziwa ya Dundori

Mpendwa mke wangu, Mama Karanja,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Barua ya mwisho niliyokuandikia ilikuwa kabla ya harusi yetu, nilipokuwa nikifundisha Molo nawe ukiwa kwa wazazi wako Njoro. Baada ya hapo tuliishi chini ya paa moja, na mtu hana haja ya kumwandikia barua anayekula naye meza moja. Kisha ulifariki, nami nikanyamaza kwa sababu nyingine. Nilijiambia kwamba mwalimu mstaafu mwenye akili timamu hamwandikii marehemu. Leo nakuandikia, tena hadharani, kwa kuwa nadhani wapo wazazi wengine wenye mtoto mtu mzima kama wetu, ambao hawajui waanzie wapi. Lakini ninayezungumza naye ni wewe. Hao wengine na wasome tu.

Habari yenyewe ni ya Karanja. Mguu wake wa kushoto unakufa.

Nimeisema kwa ufupi kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke anapoleta habari mbaya. Unakumbuka jinsi alivyokuwa akirudi kutoka safari zake za lori, akivua viatu na kuiweka miguu karibu na jiko hata jua likiwa utosini? Wewe uliona ni baridi ya Dundori, ukamfumia soksi za sufu. Alizivaa. Anazivaa hata leo, ingawa ya kushoto sasa ina nafasi tupu upande wa mbele. Baada ya maziko yako alipata kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kidonda cha kiatu tu, nacho kikakataa kupona. Kidole kikawa cheusi. Kingine kikafuata. Vyote viwili vilikatwa hospitalini mjini Nakuru, na daktari, msichana mwenye umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, akatuketisha akatueleza kwamba huo haukuwa ugonjwa wa sukari wala presha. Mishipa midogo ya damu ilikuwa ikijifunga, mmoja baada ya mwingine. Alisema ugonjwa huo huwapata zaidi wanaume ambao bado hawajazeeka, na kwamba chakula chake ni tumbaku.

Nilikukumbuka hapo hapo, mbele ya daktari. Nilikuona umeinamia ndoo.

Kila alfajiri, kabla ya kuyachuja maziwa, uliinama ukanusa. Hukuwahi kuruka hata siku ya Krismasi. Ulisema maziwa hushika harufu ya kila kitu kilicho karibu, na kwamba karani wa kituo cha maziwa akifungua mkebe akanusa moshi, aibu itakuwa yako wewe, si ya ng'ombe. Karanja aliporudi kutoka safarini akitaka kukusaidia kukamua, ulimnusa yeye kwanza.

"Rudi ukanawe. Na ubadilishe shati."

"Mathe, nimenawa!"

"Umenawa mikono, hukunawa sigara. Huyu ng'ombe si utingo wa lori lako."

Naye alikuwa akirudi bombani akicheka, dereva mzima mwenye ndevu, akijisugua kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Wewe ndiwe mtu pekee aliyeweza kumwambia habari ya sigara bila yeye kununa. Mimi nikimwambia, ilikuwa hotuba. Dada zangu nao walilifanya jambo hilo mzaha. Kwa kuwa Karanja amebeba jina la baba yangu, na baba yangu alikuwa mtu wa ugoro hadi siku yake ya mwisho, walipomwona kijana na sigara mara ya kwanza walipiga vigelegele: "Mzee amerudi kudai tumbaku yake!" Watu wote uani walicheka. Wewe hukucheka. Uliingia jikoni na kuendelea kumenya viazi.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya vidole kukatwa, kwa sababu hapo ndipo nilipodhani tumepona.

Karanja aliacha udereva, maana mguu haukuweza tena kukanyaga klachi. Yeye, mkewe Njeri na mtoto wakahama nyumba ya kupanga ya Lanet wakaja kuishi nami hapa. Njeri hushuka kila asubuhi kwenda Milimani, ambako anapika katika nyumba ya watu. Karanja nilimpa kazi ya kukamua, kazi ambayo mtu huifanya akiwa ameketi. Na alikuja na habari njema: ameacha sigara. Rafiki yake mmoja, dereva waliyekuwa wakipumzika naye Salgaa kwenye kituo cha malori, alikuwa amempa ile sigara ya umeme ambayo vijana huiita vepu. Kifaa kidogo, laini, kama kalamu nene. Alinionyesha. Alikivuta mbele yangu, akapuliza, na sebule ikanukia embe.

"Hii si moshi, mzee. Ni mvuke. Haina majivu, haina harufu mbaya. Hata mtoto haitamsumbua."

Mtoto wao, yule mwenye jina lako, ana kifua chepesi. Moshi kidogo tu, anakohoa hadi machozi yanamtoka. Kwa hiyo Njeri alifurahi. Nami, nisiyejua lolote kuhusu vitu hivyo, niliona kwamba mashati yake hayanuki tena, nikamshukuru Mungu. Nilikuja hata pale kwenye kona yako ya shamba, tulipokuzika, nikakuambia, ingawa kwa sauti ya chini, Njeri asije akadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Ndipo ikaja siku ya maziwa.

Nilikuwa nimeyapeleka mwenyewe kituoni, kama kawaida. Karani, yule mama mnene uliyemzoea, alifungua kifuniko, akanusa, akanitazama. Akanusa tena.

"Mwalimu, leo umemlisha ng'ombe nini?"

"Majani ya nepia na ya viazi vitamu. Kwa nini?"

"Maziwa yako yananukia embe."

Foleni nzima ilicheka. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti: "Mwalimu ameanza kuuza juisi! Sisi wengine tutafanya nini?" Mwingine akauliza kama nimeleta na vikombe. Mama Karanja, unaijua Dundori. Kuna ukungu, kuna baridi, kuna viazi. Mwembe hakuna hata mmoja. Karani hakucheka. Aliniambia kwa heshima kwamba hawezi kuyapokea, nami niliyamwaga mtaroni mbele ya watu wote, nikaosha mkebe, nikarudi nyumbani nikitembea polepole kwa sababu tayari nilikuwa nimejua.

Nilimkuta kwenye zizi, ameketi kwenye kigoda chako. Nilimwomba anionyeshe mifuko yake, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia hata alipokuwa mwanafunzi. Alitoa kikopo cha mafuta ya kukamulia, na katika mfuko huo huo, kile kifaa cha umeme. Kilikuwa kimevuja. Maji yake yalikuwa yameingia kwenye mafuta, na mafuta hayo ndiyo aliyompaka ng'ombe chuchu, siku hiyo na pengine siku zilizotangulia. Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado nimenyoosha mkono, akatoa kwenye mfuko mwingine pakiti ya sigara. Ilikuwa imefunguliwa.

Sikupiga kelele. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, nikamwuliza kwa nini ana vyote viwili, wakati alisema kimoja kimefukuza kingine.

"Baba, nisikudanganye. Hii ya umeme niliichukua ndiyo niachane na ile. Haki ya Mungu. Sasa niko na mbili." Alikitazama kile kifaa kana kwamba si chake. "Ni kama mtu ameoa bibi wa pili ndiyo amsahau wa kwanza. Umewahi kuona ikiwezekana? Sasa nalisha wote."

Nilicheka. Nisamehe. Ni yeye, na ni ulimi wako alionao. Tulicheka sote wawili, na ng'ombe akaendelea kutafuna.

Siku hiyo alinieleza mambo ambayo sikuyajua, nami nayaandika hapa kwa sababu ni ya maana. Nilidhani mtu mzima huvuta kwa ukaidi tu. Alisema ile ya umeme ina mahali pake: ndani ya nyumba, karibu na mtoto, zizini, hata nyuma ya kanisa, kwa kuwa hakuna anayeigundua. Sigara ina mahali pake: kibandani kando ya barabara, pamoja na vijana wa bodaboda, maana huko mtu asiyewasha anaulizwa kama ameokoka. Kuna sigara ya chai, kwani chai bila sigara humkaa kooni. Kuna ya kukumbuka barabara, kwa sababu mtu aliyezoea kuendesha usiku kucha bila kufumba jicho hawezi kukaa mchana kutwa akitazama nepia ikiota. Na kuna ya stima. Umeme ukipotea huku kwetu, na wewe unajua unavyopotea, kifaa hakichajiwi, naye hushuka kibandani kununua sigara moja. Umeme ukirudi, anaendelea na zote. Kila mlango ulipofungwa, kitu kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kimesimama upande wa pili.

"Na kuna ya mathe," alisema mwishoni.

Nilimwuliza ana maana gani.

"Tangu afe. Asubuhi nikikaa hapa kukamua, namngoja aninuse."

Nilisimama nikaiosha ndoo ambayo ilikuwa safi tayari.

Tulirudi kwa daktari. Nilimwacha Karanja ajibu mwenyewe.

"Umeacha?"

"Nimeacha, daktari. Sasa ni hii ya umeme tu."

"Hiyo ina nikotini?"

"Kidogo."

"Na sigara?"

Alitazama dirishani. "Stima ikipotea tu. Na nikiwa na watu."

"Basi hujaacha, Karanja. Umeongeza."

Hakumkaripia. Alivuta kiti karibu, akaushika mguu ule kwa mikono yake miwili, na niliona jinsi ulivyokuwa wa rangi nyingine chini ya vidole vyake. Alisema mguu hauulizi kama nikotini imekuja kwa moshi au kwa mvuke. Mishipa hujikunja vilevile. Alisema amewaona wengi waliofika hapo kwa njia hiyo hiyo, na kwamba mara nyingi ni wale wale waliotaka kuacha kweli. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, nisikilize vizuri. Akiacha vyote viwili kabisa, tunaweza kungoja. Tutaupa mguu nafasi, na huenda tukauokoa. Akiwa bado anavuta, hata kidogo, kungoja ni kuupa ugonjwa njia ya kupanda. Leo ningekata chini ya goti. Tukichelewa, nitakata juu ya goti. Mtu mwenye goti hutembea vizuri zaidi na mguu wa bandia kuliko mtu asiye nalo."

Tulikubaliana aache, kisha turudi atazamwe tena. Tulipokuwa tukitoka, muuguzi alituuliza kwa upole jambo ambalo sikulitarajia: ikiwa itabidi, je, jamaa wangependa kuuchukua mguu wakauzike nyumbani, au hospitali ishughulike nao? Karanja ndiye aliyejibu, akicheka kile kicheko chake cha Salgaa.

"Mpelekeeni mathe. Si yeye ndiye aliyeufunza kutembea?"

Muuguzi hakujua acheke au asicheke. Mimi niliinama nikafunga kamba ya kiatu changu. Nilikuwa nikiuona akilini ule mwaka wa viazi vingi, wewe ukirudi kinyumenyume kati ya matuta, umenyoosha mikono, naye akikujia kwa vile viguu vyake vinene, akianguka, akiinuka na udongo usoni. Wa kushoto ndio uliotangulia. Ulinisimulia hivyo jioni ile na hukuchoka kusimulia, kana kwamba watoto wengine huanza kwa mkono.

Jioni ya siku hiyo Karanja alinikabidhi vyote, pakiti na kifaa. Aliniambia nivifungie na nisimpe hata akilia. Nimeviweka katika lile sanduku ulilohifadhia sindano zako za kufumia, na ufunguo ninao. Tangu hapo nyumba imekuwa nzito. Karanja hulala vibaya, anamfokea Njeri kwa mambo ya bure, kisha anamwomba msamaha hadi anamchosha. Baada ya chai huja kusimama mbele yangu.

"Mzee, moja tu. Ya kumaliza chai."

"Hapana."

"Nusu basi. Nikuachie kipande."

"Hapana, Karanja."

"Wewe ulistaafu kufundisha, lakini shule haijastaafu ndani yako."

Huondoka akichechemea, nami husikia fimbo yake uani. Nilimhurumia, na niliona fahari pia. Nilimwambia Njeri kwamba kijana wetu anapigana. Njeri alinitazama tu, akaendelea kukunja nguo. Nadhani alijua kabla yangu.

Leo asubuhi nilifanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu uondoke. Kabla ya kuyachuja maziwa, niliinama juu ya ndoo, nikanusa.

Embe.

Ilikuwa hafifu sana. Karani asingeinusa, pengine. Niliinua kichwa, nikavuta hewa ya nje, nikainama tena, kwa maana nilitamani sana kuwa mzee aliyekosea. Sikukosea. Nilifungua sanduku lako: pakiti ipo, kifaa kipo. Kwa hiyo ana kingine, na kama ana kingine cha umeme, sina sababu ya kuamini kwamba kule kibandani hawashi. Maziwa niliyamwaga kwenye nepia. Yeye alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, akaniona nikimwaga. Hakuuliza kwa nini. Alikwenda akaokota ndoo, akaiosha.

Kesho ndiyo siku ya kurudi hospitalini. Daktari atamwuliza kabla ya kuufungua mguu, kama alivyofanya mara ya kwanza. Najua atakachojibu. Amekuwa akijizoeza: jana alimwambia Njeri "siku hizi hata sisikii hamu," kwa sauti ya juu kupita kiasi, ili nami niisikie sebuleni. Akisema hivyo na daktari akamwamini, watangoja, na mguu utazidi kuoza kuelekea juu. Nikisema ninachokijua, watakata. Kijana wetu atakuwa amepoteza mguu wake kwa neno lililotoka kinywani mwangu, na atakalolikumbuka ni hilo, si sigara.

Nimekaa na jambo hili kutwa nzima. Nimekuuliza ungefanya nini, na kila mara ninayempata ni wewe katika ule mwaka ambao ng'ombe wetu alichomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele. Daktari wa mifugo alisema maziwa yake yasinywewe hadi dawa imtoke. Siku zile hatukuwa na kitu kingine cha kuuza, na hakuna aliyejua kuhusu sindano ile ila sisi. Ulikwenda kituoni mikono mitupu ukamwambia karani mwenyewe: usipokee mkebe wowote wa kwetu hadi nitakapokuambia. Niliporudi kutoka shuleni, nilikukuta ukiyamwaga, unalia, nawe ukaendelea kuyamwaga.

Kwa hiyo nimeamua sehemu yangu. Asubuhi, tukimaliza kukamua, nitamwambia nilichokinusa, kwa maneno machache, bila hotuba. Nitajaribu kusema kama wewe. Kisha hospitalini nitaketi kando yake nimwache ajibu. Akisema kweli, nitanyamaza, na nitakuwa mwenye furaha ya ajabu hata kama habari yenyewe ni mbaya. Akisema ameacha, nitamwambia daktari habari ya maziwa. Kinachobaki si changu. Ni cha daktari kupima na cha Karanja kutia sahihi, na hakuna ajuaye kama atakubali. Anaweza kuinuka akaondoka na fimbo yake. Amewahi kufanya hivyo kwa mambo madogo kuliko hili.

Alasiri hii nilishuka kwenye kona yako. Nyasi zilikuwa zimezidi upande wa ua, nikazing'oa kwa mkono hadi udongo ukaonekana. Sikuchimba chochote. Jembe nimeliacha ghalani, na litakaa humo hadi tutakaporudi kutoka mjini. Lakini nilipima kwa macho, Mama Karanja, na nafasi ipo.

Sasa namsikia akivuka ua kwenda kuwatilia ng'ombe maji. Mguu, fimbo, mguu. Ninausikiliza ule wa kushoto.

Wakishaamua nitakuandikia, na safari hii sitachelewa, ili ujue kama mguu huo unakuja kulala kando yako, au kama bado una siku za kutembea juu ya udongo huu ulikoufunza.

Mume wako,

Baba Karanja